Ukuta Ulioinama: Mwenye Nyumba Mbele ya Muhtasib na Kadhi



Wengi wetu hudhani kwamba kibali cha ujenzi, notisi ya kubomoa na mkaguzi wa majengo ni mambo yaliyoletwa na wakoloni, wala hayana mlango katika dini. Kwa dhana hiyo, Muislamu akipelekewa notisi na halmashauri ya mji huiona kuwa ni karatasi ya serikali tu. Mmoja huiweka mfukoni na kuendelea kujenga. Mwingine humtafuta mtu wa kumpa kitu kidogo ili faili lilale. Wa tatu husema kwamba amedhulumiwa, kwa kuwa kiwanja ni chake na mali ni yake. Hakuna hata mmoja anayejiuliza: mafakihi wetu wamesema nini juu ya mtu aliyeambiwa kwamba jengo lake lina kosa?

Ukweli ni kwamba wamesema mengi, tena kwa zaidi ya miaka elfu moja. Katika makala hii tutafuatilia historia ya suala hilo tangu Madina mpaka miji ya pwani yetu. Tutaangalia mambo mawili: ni majibu gani mwenye nyumba alikuwa na haki ya kuyatoa mbele ya mwenye mamlaka, na ni wakati gani majibu yote yalikwisha, yakabaki madhara shingoni mwake.

Chimbuko lake Madina

Mji wa Madina ulipoanza kujaa watu, magomvi ya mipaka, njia na kuta yalijitokeza kama yanavyojitokeza katika kila mji. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.), Mtume (s.a.w.) aliamua kwamba watu wakihitilafiana juu ya upana wa njia, iwe dhiraa saba. Katika hadithi nyingine ya Abu Huraira, iliyomo pia katika Sahihi mbili, alikataza jirani kumzuia jirani yake asiegemeze boriti kwenye ukuta wake. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya katazo hili. Imam Ahmad aliliona kuwa ni la wajibu pale jirani anapohitaji, na hiyo pia ndiyo kauli ya kale ya Imam Shafi. Wengi wengine, ikiwemo kauli mpya ya Shafi, wamelichukua kuwa ni la kupendekezwa.

Juu ya yote hayo ipo kanuni kubwa ya madhara, ambayo Imam Nawawi ameiweka katika hadithi ya 32 ya Arbaini zake: Muislamu hana ruhusa ya kumdhuru mwenzake, wala ya kulipiza madhara kwa madhara. Karibu kila hukumu ya ujenzi tutakayoitaja hapa ni tawi la mti huo.

Lakini madhara yaliondolewaje? Kisa cha Samura bin Jundub, alichokipokea Abu Dawud, kinatuonyesha utaratibu. Samura alikuwa na mtende ndani ya bustani ya mtu wa Ansari, na kila alipouendea aliwaudhi watu wa nyumba. Mtume (s.a.w.) hakuanza kwa kukata. Alimtaka Samura auze mti ule, akakataa. Alimtaka abadilishe kwa mti wa mahali pengine, akakataa. Alimtaka autoe kama zawadi naye apate malipo kwa Mwenyezi Mungu, akakataa tena. Hapo ndipo alipomwambia kwamba yeye ni mwenye kudhuru, akamwamuru Mansari aung'oe. Baadhi ya wanazuoni wa hadithi wameizungumzia sanadi ya kisa hiki, lakini mafakihi wamekitumia sana, kwa sababu kinaafikiana na misingi: amri ya kuondoa huja baada ya milango mitatu kufunguliwa na mwenye mali kuifunga yote kwa mkono wake.

Kisa cha pili kinaonyesha upande wa mwenye nyumba. Katika Musnad ya Imam Ahmad imepokelewa kwamba nyumba ya Abbas bin Abdil-Muttalib (r.a.), ami yake Mtume, ilikuwa na mfereji wa paa uliomwaga juu ya njia aliyopita Sayyidna Umar (r.a.). Siku ya Ijumaa Umar alipita akiwa amevaa nguo zake za swala, akamwagikiwa na maji yaliyochanganyika na damu ya kuku waliochinjwa. Aliamuru mfereji ung'olewe, akarudi kubadilisha nguo, kisha akaswalisha. Abbas alimwendea akamwambia kwamba mahali pale mfereji ule uliwekwa na Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Umar hakutafuta hoja ya kulinda amri yake. Alimwapiza Abbas apande juu ya mgongo wake aurudishe mfereji pale ulipokuwa, na Abbas akafanya hivyo.

Tuyatazame mambo matatu ndani ya kisa hiki. Kiongozi alikuwa na haki ya kuondoa kinachowaudhi wapita njia, na Abbas hakumbishia haki hiyo. Abbas naye alijibu kwa hoja moja tu, nayo ni ruhusa iliyotangulia kutoka kwa mwenye mamlaka ya juu zaidi. Hakujibu kwa ukubwa wa nasaba yake. Na mwenye kutoa amri, hoja ilipomfikia, aliitengua amri hadharani. Huyu ndiye mwenye nyumba mwenye kibali mkononi, na yule ndiye mkaguzi mwenye kumcha Mwenyezi Mungu.

Miji mipya: Kufa na Fustat

Mwaka wa 17 Hijria, unaolingana na 638 Miladia, Waislamu waliasisi mji wa Kufa huko Iraq. Tabari anasimulia kwamba nyumba za mwanzo zilikuwa za matete, moto ukaziteketeza, na watu wakaomba ruhusa kwa Sayyidna Umar wajenge kwa matofali. Aliruhusu kwa masharti: mtu asizidishe vyumba vitatu, na watu wasishindane kwa urefu wa majengo. Njia nazo zilipangwa kwa vipimo, kuu dhiraa 40, zinazofuata 30, kisha 20, na vichochoro dhiraa saba. Kwa hiyo watu kuomba ruhusa kabla ya kujenga, na mtawala kuijibu kwa masharti, ni jambo lililokuwapo katika karne ya kwanza ya Uislamu.

Huko Misri, katika mji wa Fustat, Kharija bin Hudhafa alijenga chumba cha juu. Ibn Abdil-Hakam (aliyefariki mwaka 257/871) anasimulia kwamba habari zilimfikia Umar, naye akamwandikia gavana wake Amr bin Al-Aas akibomoe, kwa kuwa kinawafichua majirani. Lakini katika Mudawwana ya Sahnun (aliyefariki mwaka 240/854) imo riwaya nyingine ya Umar kuhusu dirisha la ghorofani, na humo hakuna kubomoa kwa haraka. Aliagiza kiwekwe kitanda chini ya dirisha na mtu asimame juu yake: akiweza kuona ndani kwa jirani, dirisha lizuiwe, asipoweza, liachwe.

Kitanda kile ni kitu kidogo, lakini maana yake ni kubwa. Shaka peke yake haikutosha kumharibia mtu nyumba yake, wala neno la jirani peke yake halikutosha. Ilihitajika njia ya kupima ambayo mlalamikaji na mlalamikiwa wote wawili wanaweza kuiona kwa macho yao.

Muhtasib na mipaka ya mamlaka yake

Miji ilipopanuka, kazi ya kuangalia masoko, njia na majengo ilikabidhiwa kwa muhtasib. Imam Al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450/1058), kadhi na fakihi wa Kishafi, ameeleza kazi hiyo kwa urefu katika kitabu chake Al-Ahkam as-Sultaniyya. Katika suala la njia amekuwa mkali: watu wakijenga ndani ya njia ya umma, muhtasib huwazuia hata kama njia ni pana, na huwalazimisha wabomoe walichokijenga hata kama kilichojengwa ni msikiti, kwa kuwa njia ni za kupita wala si za kujenga.

Neno hili la mwisho linawahusu moja kwa moja maimamu na kamati za misikiti. Tumezoea kuona ukumbi wa msikiti ukisogea taratibu mpaka barabarani, au madrasa ikiota ukutani bila kibali, na anayehoji huambiwa kwamba anapiga vita nyumba ya Mwenyezi Mungu. Mawardi hakulikubali jibu hilo. Nia njema ya mwenye kujenga haimpi haki ya Waislamu wenzake, seuze haki ya watu wote wapitao njiani.

Hata hivyo, Mawardi huyo huyo amemwekea muhtasib mipaka ambayo ni ngao ya mwenye nyumba. Kwanza, muhtasib hana ruhusa ya kupeleleza yaliyofichika. Kazi yake ni yale yaliyo dhahiri. Pili, haki ikiwa ni ya jirani binafsi, kama boriti zilizowekwa juu ya ukuta wake, muhtasib haingilii maadamu jirani hajalalamika, kwa sababu ni haki yake kudai au kusamehe. Tatu, na hili ndilo kubwa, mamlaka yake yanaishia pale watu wanapokanushana. Mwenye nyumba akikana kosa, na jambo likahitaji ushahidi au kiapo, muhtasib huondoka na kadhi huingia. Na ikiwa mdhulumu ni mtawala mwenyewe au maofisa wake, mlango uliokuwa wazi ni wa mahakama ya madhalim, ambayo kazi yake ya kwanza katika orodha ya Mawardi ni kutazama jeuri ya watawala juu ya raia.

Mafundi wa kadhi

Kadhi naye hakuwa mwashi. Hakujua ukuta unabeba uzito gani wala moshi wa tanuri unakwenda wapi. Ndiyo maana makadhi wa Maghribi na Andalusi waliwategemea mafundi waaminifu walioitwa watu wa ujuzi, na elimu hiyo ikaandikiwa vitabu vyake. Isa bin Musa wa Tudela (aliyefariki mwaka 386/996) aliandika juu ya kuta na hukumu zake. Baadaye Ibn ar-Rami, fundi mwashi wa Tunis aliyefanya kazi chini ya kadhi Ibn Abdir-Rafi katika karne ya nane Hijria, aliandika Al-I'lan bi Ahkam al-Bunyan, kitabu kizima juu ya hukumu za ujenzi katika madhehebu ya Maliki.

Ndani yake mna habari za moshi, harufu, madirisha, milango inayotazamana na kuta za ushirika. Miongoni mwake mna njia ya kupima mtikisiko wa kinu cha kusagia kilicho karibu na nyumba ya mtu. Karatasi ilifungwa nyuzi kwenye pembe zake nne, ikatundikwa katika dari la nyumba ya mlalamikaji, na punje kavu za giligilani zikawekwa juu yake. Kinu kikizungushwa na punje zikatikisika, madhara yamethibiti. Zikitulia, mwenye kinu huachwa na kazi yake. Hiki ni kitanda cha Sayyidna Umar kwa sura nyingine. Mwenye mali hakuambiwa abomoe kwa sababu jirani yake ana sauti kubwa zaidi au ana ndugu katika diwani.

Ukuta ulioinama

Tumefika sasa kwenye kiini cha makala yetu. Mafakihi wa Kihanafi wameandika mlango mahsusi juu ya ukuta ulioinama, na maelezo yake tunayapata katika Al-Hidaya ya Imam Al-Marghinani (aliyefariki mwaka 593/1197). Swali lao ni hili: mtu ana ukuta, umeinama kuelekea njiani, kisha ukaanguka na kumuua mpita njia. Je, mwenye ukuta ana dhima?

Jibu lao linasimama juu ya jambo moja: je, alitakiwa aubomoe? Ikiwa ukuta ulijengwa wima, kisha ukainama wenyewe, na hakuna aliyemtaka mwenyewe auondoe, hana dhima. Lakini akiwa ametakiwa aubomoe, ukapita muda ambao aliweza kuubomoa naye asifanye, dhima ni yake. Na ikiwa tangu mwanzo aliujenga umeinama, hakuna haja ya kumwambia neno: dhima inamfuata tangu siku ya kwanza, kwa kuwa kosa ni la mkono wake.

Tazama, ndugu msomaji, namna walivyoyachambua matawi ya suala hili.

Nani ana haki ya kutoa madai hayo? Ukuta ukielekea njia ya umma, kila mtu mwenye haki ya kupita anaweza kudai, mwanamume au mwanamke, Muislamu au asiye Muislamu. Ukielekea nyumba ya jirani, madai ni ya jirani.

Nani anaelekezewa madai? Ni yule mwenye uwezo wa kubomoa. Mpangaji, aliyewekewa rehani na aliyewekewa amana hawafai kuelekezewa, kwa sababu hawana mamlaka juu ya ukuta. Nyumba ya mtoto mdogo, madai huelekezwa kwa baba au wasii.

Je, mashahidi ni sharti? Marghinani anafafanua kwamba sharti ni madai yenyewe; mashahidi wanatajwa ili jambo liweze kuthibitishwa iwapo mwenye ukuta atakana kwamba aliambiwa. Ndiyo kazi ya notisi ya maandishi na sahihi ya mpokeaji katika zama zetu.

Je, muda unaweza kuongezwa? Hapa pana fundisho kubwa. Jirani akimwongezea muda mwenye ukuta, au akamsamehe, inafaa, kwa kuwa haki ni yake. Lakini ukuta ukiwa umeelekea njia ya umma, hata kadhi akimpa mwenye ukuta muhula, muhula huo haumwondolei dhima, kwa kuwa haki ni ya watu wote, na kadhi hana uwezo wa kusamehe kwa niaba yao. Ikiwa kadhi hana uwezo huo, vipi ofisa wa chini aliyepewa bahasha ili alisogeze faili? Aliyelipa hakununua kitu. Amepata dhambi ya rushwa, na dhima ya ukuta imebaki pale pale.

Nyumba ya ushirika je? Ukuta ukiwa wa watu watano na madai yakamfikia mmoja wao, kwa Imam Abu Hanifa huyo anabeba humusi ya diya, na kwa wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, anabeba nusu. Tunalitaja suala hili kwa sababu pwani yetu imejaa nyumba za mirathi zisizogawanywa, na kila mrithi anasema kwamba paa linalovuja ni la mwenzake. Mafakihi hawa hawakumwacha mrithi aliyepokea notisi ajifiche nyuma ya ndugu zake.

Na akiiuza nyumba baada ya kutakiwa? Wahanafi wamesema kwamba mnunuzi akishaipokea, muuzaji ametoka katika dhima ya ukuta, kwa kuwa hana tena uwezo wa kuubomoa, na mnunuzi naye hana dhima mpaka atakiwe upya. Asifurahi mjanja kwa kusikia haya. Kuficha aibu ya kitu kinachouzwa ni ghushi iliyoharamishwa, na mnunuzi aliyefichwa ana hiari ya kuirudisha nyumba kwa sababu ya aibu hiyo. Anayeuza nyumba yenye notisi na asiseme, ametoka katika dhima moja na kuingia katika nyingine.

Ama katika madhehebu yetu ya Shafi, Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676/1277) katika Minhaj at-Talibin ameshika njia tofauti kidogo. Ukuta uliojengwa wima kisha ukainama na kuanguka, kauli iliyotegemewa ni kwamba hapana dhima; na imesemwa kwamba ipo dhima ikiwa aliweza kuubomoa au kuutengeneza. Lakini kilichojengwa kwa kuelekea njiani tangu mwanzo kina dhima. Na kuhusu kibaraza cha ghorofani kinachochomoza juu ya njia, anaruhusu kwa sharti kisiwadhuru wapitao: kiwe juu kiasi cha mtu kupita wima na mzigo kichwani, na ikiwa ni njia ya misafara, apite ngamia na mahmili yake. Mifereji ya paa nayo ni halali kuielekeza njiani. Hata hivyo, kinachoharibiwa na mfereji huo kina dhima kwa kauli mpya ya Shafi.

Hili linahitaji kufahamika vizuri. Jambo linaweza kuwa halali kulifanya na bado likawa na dhima likidhuru. Kwa lugha ya leo: kibali cha ujenzi kinakuondolea kosa la kujenga bila ruhusa, lakini hakikuondolei damu ya mtu.

Majibu manne ya mwenye nyumba

Tukiyakusanya yaliyotangulia, tunaona kwamba mwenye nyumba aliyeambiwa ana kosa hakuwa mnyonge asiye na neno, wala hakuwa sultani katika kiwanja chake. Alikuwa na majibu manne.

La kwanza ni kutii na kutengeneza, nalo ni wajibu pale kosa linapokuwa la kweli na madhara yanapokuwa ya hakika. La pili ni kuonyesha ruhusa, kama alivyofanya Abbas. La tatu ni kukana kosa na kutaka jambo lipimwe na wajuzi mbele ya kadhi, kama kitanda cha Fustat na giligilani ya Tunis. La nne ni kuomba muda au kufanya suluhu, lakini kwa mwenye haki tu: jirani huweza kusamehe haki yake, na haki ya umma haina wa kuisamehe.

Nje ya manne hayo hakuna jibu la tano. Kunyamaza hakukuhesabiwa kuwa ni jibu. Katika suala la ukuta ulioinama, kunyamaza ndiko kulikobadilisha ajali kuwa dhima.

Pwani yetu na zama zetu

Watu wa pwani yetu ni Mashafi, na Minhaj imesomwa na wanazuoni wetu kwa karne nyingi. Humo Nawawi ameharamisha kujenga dakka, yaani jukwaa la kukalia, ndani ya njia ya umma, na ametaja kauli nyingine inayoruhusu ikiwa haidhuru. Mwenye kutembea katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu ataona baraza za mawe zilizoshikana na kuta za nyumba, watu wamekaa wakizungumza na njia ikipitika. Ni suala zuri la kuwapa wanafunzi: baraza ipi imo katika milki ya nyumba, ipi imekula njia, na desturi ina uzito gani katika kuamua madhara?

Leo mahakama za kadhi hazishughulikii tena mambo ya kuta na njia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kwa mfano, imeziachia hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu. Kazi ya muhtasib imekwenda kwa halmashauri na kaunti, na katika Mji Mkongwe kwa mamlaka ya uhifadhi iliyoundwa mwaka 1985, miaka 15 kabla ya mji huo kuingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000. Lamu iliingizwa mwaka 2001. Hata hivyo, milango ile ile ya zamani bado ipo kwa majina mapya. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 juu ya mipango na matumizi ya ardhi inampa aliyepelekewa notisi ya utekelezaji siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti, na kamati inatakiwa isikilize rufaa hiyo ndani ya siku 30. Asiyeridhika anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kwa hoja za kisheria. Mwenye nyumba aliyekaa kimya siku 14 ameacha haki ambayo sheria ilimpa na fiqhi ilimtambulia kabla yake. Basi neno la kwanza la imamu kwa muumini anayemjia na notisi mkononi liwe hili: isome tarehe yake, uliza kosa limeandikwa kwa kifungu gani, tafuta nakala ya kibali chako na ramani iliyopitishwa, mlete mhandisi aliyesajiliwa aangalie, kisha ujibu kwa maandishi kabla ya muda kwisha.

Na haya si mambo ya vitabuni tu. Ijumaa ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 29 Aprili 2016, jengo la makazi huko Huruma, Nairobi, liliporomoka usiku wa mvua na kuua zaidi ya watu 40, na ikaelezwa kwamba lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib huko Unguja ilianguka wakati wa matengenezo na kuua watu wawili. Tarehe 16 Novemba 2024, jengo la biashara huko Kariakoo liliporomoka na kuua zaidi ya watu 20. Kila tukio lina sababu zake, na kuzihukumu ni kazi ya mahakama. Ila jengo lililotiwa alama kisha likaachwa na watu ndani yake ni ule ule ukuta ulioinama wa Marghinani, uliotolewa madai na kupewa muhula na asiyekuwa na haki ya kutoa muhula.

Hatusemi kwamba kila notisi ni ya haki. Tunajua kwamba wapo wanyonge wanaobomolewa alfajiri bila kusikilizwa, huku jirani yao mwenye nguvu akiachwa na ghorofa aliyoiongeza bila ruhusa. Mafakihi walilijua hilo kabla yetu, na ndiyo sababu waliweka kipimo, mashahidi, wajuzi na mahakama ya madhalim. Anayetoa amri ya kubomoa bila ya kupima amemkhalifu Umar, na asiyetengua amri baada ya kuonyeshwa hoja amemkhalifu mara ya pili.

Walio na dhamana ya nyumba za wakfu wana mzigo mkubwa zaidi, kwa kuwa mali si yao na wanaoishi ndani mara nyingi ni maskini. Pato la wakfu linapopatikana, kuutengeneza wakfu wenyewe hutangulia kabla ya kugawa. Msimamizi anayegawa kodi huku boriti zinaoza anakula mtaji wa maiti aliyeweka wakfu, na anawalaza waja wa Mwenyezi Mungu chini ya dari ambalo yeye mwenyewe hawezi kulala chini yake.

Basi kila mwenye nyumba, mwenye msikiti na msimamizi wa wakfu atoke nje, asimame njiani, autazame ukuta wake kama anavyoutazama mpita njia. Akiona umeinama, asingoje mtu wa kumwambia. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuwakinga majirani zetu na shari zetu, na azirehemu roho za waliofia chini ya vifusi. Wallahu a'lam.